Uzito wa Metali Haukai Kwenye Gaini

Chukua miksi yoyote nzuri ya muziki wa metali, zima besi, uache magitaa peke yake. Utasikia kitu chembamba kuliko ulivyotegemea: katikati kumejaa, juu kuna mkwaruzo, chini hakuna kitu. Rudisha besi, na ukuta mzima unasimama. Ule mngurumo uliodhani ni wa gitaa, nusu yake ni besi iliyokaa chini ya gitaa kwa usahihi kiasi kwamba sikio haliwezi tena kuvitenganisha.

Naanza na hilo kwa sababu miksi nyingi za nyumbani zinakufa kwa kufanya kinyume chake. Mtu anataka uzito, anapandisha gaini, yaani nguvu inayosukuma sauti ya gitaa mpaka ikwaruze. Hauji, anaongeza masafa ya Hz 100 kwenye gitaa. Bado hauji, anarekodi treki nyingine mbili. Mwisho anabaki na kelele moja pana ambayo ndani yake kiki (ngoma kubwa ya mguu) haidundi, besi haijulikani iko wapi, na maneno ya mwimbaji yamezama. Uzito ni mgao. Ni nani anakaa wapi kwenye masafa, na nani ananyamaza lini ili mwenzake asikike. Karibu kila uamuzi ulioko hapa chini unarudi kwenye mgao huo, na nitakaa zaidi kwenye gitaa, besi na kiki, kwa maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Nyuzi na sauti kavu

Kazi inaanza kwenye nyuzi zenyewe. Gitaa likishushwa hadi drop C, tyuni ambayo uzi mnene unashuka hadi noti ya C, uzi mnene wa inchi 0.046 uliokuwa sawa kwenye tyuni ya kawaida unalegea. Ukiupiga kwa nguvu, noti inapanda kwanza, kisha ndiyo inashuka mahali pake. Gitaa la kushoto linapanda kivyake, la kulia kivyake, na mgongano huo hakuna ekwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha masafa) itakayouondoa. Uzi wa inchi 0.056 hadi 0.060 unatulia. Tyuni kwa kupiga kwa nguvu ileile utakayotumia kwenye wimbo, si kwa kuugusa uzi taratibu, na usome tyuna pale noti inapoanza. Kwenye rifu (vipande vifupi vya noti vinavyojirudia) za kukatakata noti haidumu zaidi ya hapo, kwa hiyo mwanzo wake ndio noti yenyewe. Rudia kabla ya kila teki, yaani kila mara unapopiga na kurekodi.

Weka nyuzi mpya, na hasa kwenye besi. Uzi wa besi uliochakaa unapoteza mlio wake wa juu, na mlio huo ndio utakaohitaji baadaye ili besi isikike kwenye spika ndogo. Huwezi kuuongeza kwa ekwalaiza kama haukurekodiwa. Funga pia kitambaa laini au bendi ya nywele shingoni mwa gitaa, karibu na nati, nyuzi ambazo hazipigwi zisiimbe zenyewe wakati wa vituo. Geti, kifaa kinachofunga sauti ikiwa ndogo, itasaidia kukata mlio kati ya mipigo, lakini geti iliyokazwa sana inakula mwanzo wa noti na kukata mkia wa kodi ndefu. Afadhali uzi unyamazishwe kwa mkono na kitambaa, geti imalizie.

Rekodi sauti kavu ya gitaa, ile ambayo haijapita kwenye amplifaya, kila mara, hata kama una amplifaya nzuri na umeiwekea maikrofoni. Tumia mlango wa gitaa kwenye kadi ya sauti, ule wenye ukinzani mkubwa wa takriban megaohmu 1. Ukichomeka gitaa kwenye mlango wa kawaida wa laini, pikapu inazidiwa na mlio wa juu unakufa. Biti 24, kHz 48, na vilele viishie kati ya desibeli (dB) -12 na -6. Hakuna sababu ya kusukuma zaidi ya hapo. Kwenye biti 24 sakafu ya kelele iko mbali mno kukusumbua, ila sauti kavu iliyopasuka haishoneki tena.

Wakati wa kurekodi weka bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukichakata, kwenye sampuli 64 au 128. Kwa kHz 48, sampuli 128 ni takriban milisekunde 2.7, ingawa safari nzima ya kuingia na kutoka inakuwa zaidi ya hapo. Mpigaji akianza kulalamika kwamba mkono wake ni mzito, angalia bafa kabla ya kumlaumu. Ukifika kwenye kumiksi, ipandishe hadi 512 au 1024 kompyuta ipumue.

Faida nyingine ya sauti kavu ni uhariri. Kwenye sauti kavu kila mpigo wa piki unaonekana kama mwiba uliosimama, na unajua hasa pa kukata. Kwenye sauti iliyopita kwenye distosheni (kupasua sauti kwa makusudi ili ikwaruze) wimbi lote ni tofali moja na unakata kwa kubahatisha. Kata milisekunde chache kabla ya mwiba, unganisha kwa mfifio wa milisekunde 3 hadi 5, kisha sikiliza kupitia amplifaya. Ukisikia tiki, mfifio umeanguka katikati ya wimbi. Usogeze. Na usikaze kila noti kwenye gridi. Kaza miingio, vituo, na zile sehemu ambapo gitaa linafuata kiki mpigo kwa mpigo, kisha kwingineko uache mkono wa mtu usikike.

Magitaa mawili, gaini ndogo

Ukuta wa magitaa unatoka kwenye teki mbili zilizopigwa kweli, moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Tofauti ndogo za mkono kati ya teki hizo ndizo zinazosikika kama upana. Ukinakili teki moja na kuipeleka upande wa pili, umepata mono yenye sauti kubwa zaidi. Ukiichelewesha nakala hiyo kidogo ili ipanuke, upana utasikia, lakini siku wimbo unachezwa kwenye simu yenye spika moja mawimbi yanakutana na kufutana: ucheleweshaji wa milisekunde 1 unatoboa shimo kwenye Hz 500, lingine kwenye Hz 1,500, lingine kwenye Hz 2,500, na kuendelea. Gitaa linakuwa kama linapigwa ndani ya bomba.

Teki nne zina kazi yake, ila kwa mpigaji anayebana kwelikweli. Jozi ya pili iwe chini ya ya kwanza kwa dB 3 hadi 6, na gaini yake iwe ndogo zaidi. Kama mipigo ya teki hizo nne haianguki pamoja, kila mpigo wa piki unafifia na rifu inageuka uji. Kwa rifu za kasi, mbili zinatosha. Za taratibu zinavumilia nne.

Sasa gaini. Kadiri unavyorundika treki, ndivyo kila moja inavyotakiwa kuwa na distosheni ndogo kuliko ile unayoifurahia ukiwa unapiga peke yako chumbani. Kipimo ni rahisi: ziba nyuzi kwa kiganja, piga uzi mnene, usikilize. Kama husikii piki ikigonga uzi, gaini imezidi. Shusha mpaka mlio huo wa piki urudi, halafu shusha kidogo tena.

Kuna sababu karibu kila mtu anatanguliza pedali ya aina ya Tube Screamer mbele ya amplifaya ambayo tayari ina gaini ya kutosha. Kitufe cha draivu kinawekwa sifuri, tone katikati, na levo inapandishwa karibu na mwisho. Haikuwekwa pale kuongeza distosheni. Saketi yake inapunguza masafa ya chini, kuanzia takriban Hz 720 kushuka, kabla amplifaya haijayapokea. Ndani ya sauti ya gitaa, masafa ya chini ndiyo yenye mawimbi makubwa kuliko yote. Yakiingia kwenye distosheni, yenyewe ndiyo yanayoamua wimbi lipasuke lini, na masafa ya katikati yanayobeba noti yanamezwa. Matokeo ni sauti inayotapika kila unapoziba nyuzi kwa kiganja. Yakishapunguzwa mbele, distosheni inapokea kitu kilichobana. Chini utakujaza baadaye, na atakayekujaza ni besi.

Kuna shule iliyokwenda njia yake. Studio ya Sunlight ya Stockholm, chini ya prodyuza Tomas Skogsberg, ilitoa sauti ya msumeno inayosikika kwenye albamu ya Entombed ya 1990, Left Hand Path: pedali ya Boss HM-2, vitufe vyote vinne vimezungushwa mpaka mwisho. Ni sauti ya kupendeza sana, lakini inarundika nguvu nyingi karibu na kHz 1, na ukiichagua ujue umekwishatoa uamuzi kuhusu besi, sneya (ngoma ndogo yenye mpasuko) na mwimbaji. Wote hao watatafuta nafasi pembeni ya msumeno huo.

Baada ya hapo kinachoamua sauti ni spika, kuliko hata amplifaya. Spika ya gitaa ya inchi 12 inaanguka haraka baada ya takriban kHz 5, na ndiyo inayofanya distosheni iwe muziki badala ya mchemko wa mafuta. Kama una kabineti (sanduku la spika) halisi, anza na maikrofoni ya Shure SM57 iliyo sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa, ikielekezwa pale kofia ya katikati ya spika inapokutana na koni. Kuelekea katikati sauti inang'aa na kukwaruza, kuelekea nje inakuwa na giza. Isogeze sentimita moja, urekodi sekunde kumi, isogeze tena. Hiyo sentimita moja inafanya kazi ambayo ekwalaiza haifanyi.

Wengi nyumbani hawawezi kupigisha kabineti kwa sauti hiyo, na hakuna hasara. Programu ya bure kama Neural Amp Modeler pamoja na faili ya mwitiko wa kabineti, yaani rekodi ya jinsi kabineti inavyobadilisha sauti, inatosha kutoa kazi ya kuachiliwa. Chunga tu usipitishe sauti kwenye kabineti mbili. Plagini nyingi za amplifaya zina kabineti yao ndani, na mtu akipakia faili nyingine juu yake bila kuizima ile ya ndani, anapata gitaa lililofunikwa blanketi na anatumia saa nzima kulitafutia mwanga kwa ekwalaiza. Na usichague faili ya kabineti gitaa likiwa peke yake. Zungusha sekunde nane za rifu pamoja na besi na ngoma, badilisha faili huku vyote vinacheza. Ile inayovutia ikiwa peke yake mara nyingi ndiyo inayoharibu miksi, kwa sababu inavutia kwa kuwa na chini kwingi.

Ekwalaiza ikija, iwe na kazi ndogo. Kata chini kuanzia Hz 80 hadi 100, kata juu kuanzia kHz 9 au 10. Kati ya kHz 3 na 6 kuna firimbi, sauti nyembamba isiyobadilika hata noti zikibadilika. Inua kilima chembamba, kipitishe taratibu mpaka firimbi ikuume sikio, kisha kigeuze kiwe shimo la dB 3 hadi 5. Firimbi moja au mbili ni kawaida. Ukijikuta unachimba shimo la nne, acha, badilisha faili ya kabineti au sogeza maikrofoni.

Kuna tatizo moja ambalo ekwalaiza ya kawaida haiwezi. Ukiziba nyuzi kwa kiganja, masafa ya Hz 80 hadi 250 yanalipuka, lakini kodi zilizo wazi hazina mlipuko huo. Ukiyakata moja kwa moja, kodi zinakonda. Dawa ni kompresa (kifaa kinachobana sauti ikizidi kiwango) ya bendi moja tu, Hz 80 hadi 250, atakki (muda wa kuanza kubana) ya milisekunde 10, rilisi (muda wa kuachia) ya milisekunde 80 hivi, na kizingiti (kiwango kinachoiamsha) kiwekwe mahali ambapo sindano inacheza dB 3 au 4 kwenye mipigo iliyozibwa na kutulia kabisa kodi zikifunguliwa. Iweke kwenye basi, njia moja inayopitisha treki zote za magitaa, na uiangalie rifu nzima ikipita.

Besi ndiyo inayobeba

Besi ya metali ifanye kama vyombo viwili. Nakili treki ya sauti kavu mara mbili. Ya kwanza ikate juu kuanzia Hz 200 au 250, kisha ikandamize kwa nguvu: uwiano wa 8:1 au hata limita (kompresa isiyoruhusu sauti kuvuka kiwango), mpaka kila noti itoke na uzito uleule. Hakuna haja ya huruma hapa. Chini ya miksi panatakiwa patulie kama sakafu, na sakafu inayopanda na kushuka inaangusha kila kilicho juu yake. Ya pili ikate chini kuanzia Hz 300, ipitishe kwenye distosheni, kisha ikate juu karibu na kHz 5 au 6. Hii ndiyo inayoshona besi na magitaa. Ipandishe taratibu mpaka uisikie, halafu irudishe dB 1 nyuma. Ikizimwa unahisi magitaa yamepungukiwa, na hapo ndipo inapotakiwa.

Baada ya kuzigawa, geuza polariti ya mojawapo (juu ya wimbi iwe chini, chini iwe juu) na usikilize sehemu ya chini. Acha upande wenye chini kwingi zaidi. Plagini za distosheni na vichujio huchelewesha na kuzungusha mawimbi, na treki mbili zilizotoka chanzo kimoja zinaweza kuanza kulana bila mita yoyote kukuonya.

Piki au vidole? Kwa rifu za kasi, piki, na iwe ngumu. Vidole vinapendeza kwenye metali ya taratibu ambapo kila noti ina muda wa kufunguka.

Hesabu moja inafaa kukaa kichwani. Kwenye drop C, uzi wa chini wa gitaa ni Hz 65.4 na wa besi ni Hz 32.7. Spika ndogo za studio za nyumbani haziwezi kutoa Hz 32.7 kwa nguvu yoyote ya maana. Unachokisikia ni mirudio yake, milio ya juu inayozaliwa pamoja na noti, Hz 65 na Hz 98, na ubongo unajaza kilichobaki. Kwa hiyo ukiinua Hz 33 unajaza mita na kuchosha limita kwa kitu ambacho hakuna anayekisikia. Kata kuanzia Hz 30, na uzito uutafute kati ya 60 na 100.

Anayetaka kusikia chombo hiki kinakosekana vipi asikilize albamu ya Metallica ya 1988, ...And Justice for All. Magitaa ni makali, kiki inadonoa, na chini pana pengo. Ni albamu kubwa kwa sababu ya nyimbo zake, na wengi wanaipenda hivyohivyo, lakini kama somo la besi inafanya kazi gani haina mfano.

Milisekunde 75 za kiki

Wimbo una mipigo 200 kwa dakika na miguu yote miwili inapiga noti nne kwa kila mpigo. Gawanya: kati ya kiki na kiki ni milisekunde 75. Sasa chukua kiki yenye mwili kwenye Hz 50. Wimbi moja la Hz 50 linachukua milisekunde 20, kwa hiyo kabla kiki nyingine haijaingia umepata mawimbi yasiyofika manne. Sampuli nyingi za kiki (milio iliyorekodiwa tayari) zina mkia wa milisekunde 250 au 300. Ina maana kwamba kwa wakati wowote kuna mikia mitatu au minne imelaliana, na unachosikia ni ngurumo moja isiyo na hatua. Kupandisha sauti hakusaidii chochote. Kunaongeza mkia pamoja na mpigo.

Kinachosaidia ni kufupisha. Kwenye sehemu za kasi ikate sampuli ibaki milisekunde 60 au 70, kwa geti au kwa kuichora mkononi. Hamisha mwili wake kutoka Hz 50 hadi 75 au 80, mahali ambapo mawimbi matano au sita yanatoshea. Punguza Hz 250 hadi 400 kwa dB 6 au zaidi, kwa sababu hapo ndipo sauti ya kadibodi inakaa, kisha inua mdonoo kati ya kHz 4 na 6. Mimi napendelea kuweka treki mbili za kiki kwenye mradi: moja ndefu kwa rifu za taratibu na vituo vikubwa, nyingine fupi kwa mvua ya miguu miwili. Kiki moja kwa wimbo mzima wenye kasi mbili tofauti ni suluhu isiyomridhisha yeyote.

Hapo ndipo unatakiwa kuamua nani analala chini kabisa. Kwenye metali ya kasi, besi ilale chini, Hz 50 hadi 70, na kiki ikae juu yake. Kwenye metali ya taratibu kiki ina nafasi ya kushuka hadi Hz 50 na besi ipande kidogo. Kuvipa vyote viwili Hz 60 ni kuvinyima vyote. Ukitumia kompresa inayosikiliza kiki ili kuisukuma besi chini kwa dB 2 au 3, weka rilisi fupi kuliko nafasi kati ya mipigo. Kwa mfano wetu, milisekunde 50. Ukiiweka 150, besi inasukumwa chini na kiki ya kwanza na hairudi tena mpaka sehemu yote imalizike.

Ngoma zilizoandikwa kwa kompyuta hujulikana kwa velositi, namba ya nguvu ya kila mpigo, ambayo mwisho wake ni 127. Kila mpigo ukiwa 127, sampuli ileile ya nguvu zote inajirudia na sneya inasikika kama bunduki. Acha 127 kwa mipigo mikubwa tu. Mkono wa pili upungue kwa 8 hadi 12 chini ya wa kwanza. Kwenye blasti, mipigo ya kasi kupindukia ya sneya na kiki, sneya ishuke hadi 90 au 100, kwa kuwa mkono unaokwenda kasi hiyo haupandi juu vya kutosha kupiga kwa nguvu zote. Na uhesabu viungo: mpigaji ana mikono miwili, kwa hiyo simbali, tomu na sneya haviwezi kupigwa kwa wakati mmoja.

Sneya yenyewe iwe na mwili karibu na Hz 200 na mpasuko karibu na kHz 5. Kama ulirekodi ngoma halisi na unaichanganya na sampuli, kuza wimbi kwenye skrini, linganisha mwanzo wa zote mbili, na jaribu kugeuza polariti ya sampuli. Ikiwa sneya inakonda ukiongeza sampuli, mawimbi yanapingana.

Chumba kinachodanganya

Chumba chenye urefu wa mita 3 kina mvumo wake wa kwanza karibu na Hz 57, ambao unapatikana kwa kugawanya kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, kwa urefu huo mara mbili. Hz 57 ni palepale kiki na besi zinapogombania. Ukikaa katikati ya chumba mvumo huo unajifuta, na wewe unaongeza chini bila sababu. Ukikaa ukutani mvumo unazidi, na wewe unapunguza bila sababu. Anza kwa kuweka kiti kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, kisha sogea huku na huku wimbo unaoujua vizuri ukicheza. Paneli za sufi ya mwamba zenye unene wa sentimita 10 ziende kwenye kona kwanza. Trei za mayai hazifanyi lolote kwenye besi. Kama chumba hakibadiliki, maamuzi ya chini ya Hz 100 yafanye kwenye hedifoni.

Sauti ya spika iwe desibeli 75 hadi 80. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio linasikia besi vizuri zaidi sauti ikiwa kubwa. Kwa hiyo miksi yoyote ni nzito ukiipandisha vya kutosha. Iliyo nzito kweli inabaki hivyo ukiweza kuongea juu yake bila kuinua sauti.

Kuhusu mwimbaji nitasema machache. Asiikumbatie maikrofoni kwa viganja, maana sauti inageuka ya kopo na haitengenezeki tena. Tumia kompresa mbili, ya kwanza ya kasi yenye 4:1 ikila dB 6 hadi 8, ya pili ya taratibu ikila 3. Kata chini kuanzia Hz 100. Magitaa yapungue dB 1 au 2 kati ya kHz 1 na 3 pale tu anapoimba. Akianza kuhisi maumivu kooni, teki za siku hiyo zimekwisha, hata kama kibwagizo bado.

Kupaza bila kupasua

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na kwenye masta (faili ya mwisho ya wimbo) ya metali ni kweli kwa maana halisi. Kilele cha sneya ni kifupi mno. Limita ikikiona, inashusha kila kitu, magitaa na mwimbaji pamoja, na miksi inaanza kuhema. Klipa inanyoa kilele chenyewe peke yake na kuacha vingine. Kwa hiyo gawanya kunyoa huko: dB 2 kwenye sneya, 1 au 2 kwenye basi la ngoma, 1 kwenye masta. Hapo limita ya mwisho inabaki na dB 2 au 3 tu za kushughulikia. Kompresa ya basi la masta, kama unaitumia, iwe 2:1, atakki milisekunde 30 ili mpasuko wa sneya upite kwanza, isizidi dB 2.

Metali nyingi za sasa zinatoka kati ya LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) -9 na -6. Spotify inashusha nyimbo hadi karibu na -14 kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa hiyo faida ya kuwa juu kuliko jirani inaondolewa na linalobaki ni madhara ya kukandamiza. Mimi nakaa kati ya -9 na -8, na kilele halisi kisizidi dB -1, faili ikibanwa kwa ajili ya mtandao isipasuke.

Kisha chukua wimbo wa rejea na masta yako, uvishushe vyote hadi -14, uvizungushe kimoja baada ya kingine pale miguu miwili inapoingia. Ukiona mwenzako ana sneya mbele na yako imezama ndani ya magitaa, umenyoa kupita kiasi. Rudisha klipa ya masta nyuma dB 1, inua sneya nusu desibeli kwenye miksi, toa faili upya, usikilize sehemu hiyohiyo tena, kwa sauti hiyohiyo.